Marehemu mama ametuachia kofia, mashuka na vitambaa alivyodarizi kwa mkono. Nivitunzeje vifike kwa wajukuu?

*“Marehemu mama alikuwa fundi wa kudarizi. Ametuachia kofia mbili za mkono alizomshonea baba, shuka la kitanda na foronya sita zenye maua na maneno aliyoyadarizi kabla hajaolewa, kitambaa kikubwa cha meza cha kufuma kwa kulabu, na joho la babu lenye zari. Vyote nimevikuta kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kila kimoja ndani ya mfuko wa plastiki, na vidonge vyeupe vya nondo vimejaa tele. Vina harufu kali, vimekuwa manjano, na vina madoa ya kahawia. Dada yangu ataka tuvirowe kwenye dawa ya kung’arisha nguo. Kaka ataka kofia zitiwe fremu ukutani. Shangazi asema tulikate shuka ili kila mjukuu apate kipande cha ukumbusho. Na mwanangu aoa mwezi wa Disemba, angependa kuvaa kofia moja ya babu yake. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, ya kuta za mawe. Nifanye nini nisije nikaharibu kazi ya mama?”*

Dada yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Naona una hofu mbili: vitambaa vinaharibika, na wewe ukivigusa huenda ukavimaliza kabisa. Ya kwanza ni kweli, lakini uharibifu huo unaweza kupunguzwa kasi sana. Ya pili nakuomba uibakishe kidogo, kwa sababu nguo nyingi za urithi ninazoletewa hapa Mombasa zimeharibiwa na watu waliozipenda: plastiki ya kuzikinga na vumbi, vidonge vya kuzikinga na wadudu, dawa ya kuzirudishia weupe. Kwa hivyo kabla ya lolote, mwombe dada yako aiweke chini ile chupa ya dawa.

Nieleze sababu, maana ukiielewa utaweza kumjibu yeyote atakayekuja na shauri lake. Uzi wa pamba umejengwa kwa minyororo mirefu ya selulosi, kijenzi kikuu cha mimea. Ifikirie kama tasbihi ndefu sana: nguvu ya uzi iko katika urefu wake. Miaka, joto na mwanga hukata tasbihi hiyo vipande vifupi vifupi, na mabaki ya ukatikaji huo ndiyo unayoyaona kama umanjano. Klorini iliyomo katika dawa ya kung’arisha hukata zaidi. Nguo hung’aa siku ile, ukafurahi, lakini uzi umebaki mfupi na dhaifu, na baada ya muda kitambaa huchanika chenyewe kwenye mikunjo. Penye doa la kutu huwa vibaya zaidi, kwa kuwa chuma huichochea klorini kula pamba papo hapo. Ndiyo maana watu husema “doa limetoka, likaacha tundu”.

Madoa yenyewe hayafanani, na inafaa uyasome kabla ya kuyagusa. Toa kitambaa kimoja, ukitandaze juu ya shuka safi mezani, karibu na dirisha. Vidoa vya rangi ya chungwa iliyoiva, vyenye ukingo mkali, vilivyo upande uliogusana na bati au palipochomekwa pini, hiyo ni kutu. Vinukta vya kijivu au vyeusi vilivyotapakaa, vyenye uvundo, hiyo ni koga, yaani ukungu. Mstari wa kahawia uliopinda mfano wa ramani ya kisiwa ni alama ya maji yaliyoingia yakakauka, yakaacha uchafu pale yalipoishia. Na ukanda wa manjano mzito upande wa ndani wa kofia, pale inaposhika paji la uso, ni jasho na mafuta ya nazi ya miaka mingi. Mafuta yakizeeka hushikana na uzi, hata sabuni haiyatoi yote.

Utaambiwa kuhusu ndimu na chumvi juani. Dawa hiyo ya bibi zetu inafanya kazi kweli kwa kutu, kwani asidi ya ndimu huyeyusha chuma. Tatizo ni kile kinachobaki. Asidi isiposuuzwa ikaisha huendelea kuila pamba polepole ndani ya kabati, na jua ulilolianikia huongeza yake. Kwa kanzu ya kila siku, sawa. Kwa shuka alilodarizi mama yako, bora doa libaki. Doa dogo la kutu kwenye kitambaa kizima halipunguzi heshima ya kazi, na mtaalamu anaweza kulishughulikia baadaye akiwa na asidi iliyopimwa na maji safi ya kutosha. Tundu halina wa kulirudisha.

Sasa tuje kwenye sanduku. Pamba haikauki kamwe kama tunavyodhani. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba maji kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake. Shuka la kilo moja ambalo mkono wako unaliona kavu lina kama gramu 70 za maji. Na hewa ya Mombasa mara nyingi iko juu ya asilimia 70, kiwango ambacho koga hustawi. Ukilifunga shuka hilo katika plastiki mwezi wa Mei, katikati ya masika, umeufunga unyevu wa Mei pamoja nalo. Usiku bati linapopoa, maji hutoka hewani na kutulia mahali penye baridi, yaani kwenye plastiki na kwenye kifuniko. Plastiki nyingine, hasa ile laini ya PVC yenye harufu, hutoa na asidi kadiri inavyochakaa. Mama alifunga hivyo kwa nia njema, na pengine ndivyo alivyofundishwa, lakini mifuko hiyo itoke leo.

Vidonge navyo vitoke, na hapa naomba unisikilize vizuri. Vidonge vya naftalini vilikusudiwa nondo wanaokula sufu na hariri. Pamba si chakula cha nondo. Kwa kofia, shuka, foronya na kitambaa cha meza, havikuwa na kazi yoyote isipokuwa harufu. Wanaokula pamba kwetu ni wengine: mchwa, mende wanaofuata kanji na jasho, na wale vidudu vya rangi ya fedha wenye mikia mitatu wanaokimbia ukifungua kitabu cha zamani. Hawa huzuiwa na usafi na ukavu kuliko kitu kingine chochote.

Lililo kubwa zaidi ni afya. Wako watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng’enya kiitwacho G6PD, hali isiyo ngeni katika sehemu zenye malaria kama pwani yetu, na wengi hawajijui. Mvuke wa naftalini unaweza kupasua chembe zao nyekundu za damu. Mtoto mchanga ndiye aliye hatarini zaidi, hasa akifunikwa nguo iliyotoka moja kwa moja kwenye sanduku la namna hiyo. Basi usimfunike mjukuu yeyote shuka la bibi yake kwa ajili ya picha mpaka lipunge hewa siku nyingi na lifuliwe. Ukiona mtoto aliyekaribiana na vidonge hivi amepauka, macho yamekuwa manjano au mkojo umekuwa mweusi, mpeleke hospitali saa ile ile na uwatajie naftalini.

Vitu vyote vitandazwe chumbani penye upepo, kivulini, siku kadhaa. Jua usilitumie. Najua sote tumelelewa kuanika magodoro na nguo juani kuua uvundo, lakini madhara ya mwanga hujumlika na hayarudi nyuma. Makumbusho huweka nguo zao kwenye mwanga hafifu, wa kiasi cha lux 50 tu kwa kipimo cha mwanga, na hata hivyo huzipumzisha. Nyuzi za rangi alizotumia mama zimehifadhi wekundu wao miaka yote hii kwa sababu zilikuwa gizani. Geuza foronya utazame upande wa nyuma wa maua, utaona tofauti ya rangi hata sasa.

Kufua, je? Kwa shuka na foronya, ninaona inafaa, kwa sababu maji huondoa yale mabaki ya manjano yenye asidi na kuufanya uzi uwe laini tena. Ila kuna sharti moja: jaribu rangi kwanza. Chukua kipande cha bafta jeupe, kile kitambaa chepesi cha pamba, kiloweshe, ukibane juu ya kila rangi ya uzi kwa dakika mbili, kisha urudie kwa maji ya sabuni utakayotumia. Anza na nyekundu, ndiyo msaliti mkubwa. Rangi ikihamia kwenye bafta hata kidogo, usifue, bakisha hapo umuone mtaalamu.

Rangi zisipohama, tafuta beseni pana ambamo kitambaa kitalala bila kubanwa. Kilaze juu ya kipande cha chandarua kipya kisicho na dawa, maana pamba nzee ikiwa na maji ni nzito na hujichana kwa uzito wake yenyewe. Utanyanyua chandarua, hutanyanyua nguo. Maji yawe ya kawaida, si ya moto. Loweka nusu saa, utaona maji yamegeuka manjano, yamwage, utie mengine, mara tatu au nne kabla ya sabuni. Sabuni iwe ya maji, laini, isiyo na dawa ya kung’arisha wala manukato. Gandamiza kwa kiganja, usifikiche, usikamue. Suuza mpaka maji yasitoe povu hata chembe.

Na maji yawe ya wapi? Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, nawe wajua. Chumvi ikibaki kwenye uzi huvuta unyevu kutoka hewani na kuamsha kutu. Maji ya mfereji yanafaa kuanzia. Suuzo la mwisho nakushauri uchukue maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri za gari. Soma chupa vizuri, kwa sababu pembeni yake huuzwa na maji makali ya asidi, na hayo yatamaliza shuka na vidole vyako. Kisha tandaza nguo juu ya taulo jeupe, kivulini, uinyooshe kwa vidole ua kwa ua. Usiitundike kwa vibanio. Pasi si lazima, na kamwe isipite juu ya doa.

Kitambaa cha meza cha kufuma hufuliwa vivyo hivyo, lakini kitazame kwanza pindo hadi pindo. Kazi ya kulabu ni uzi mmoja unaojipita wenyewe. Palipokatika kitanzi kimoja, funga kwa uzi mwembamba wa pamba kabla ya kutia maji, la sivyo utatoa tundu kubwa mara tatu ya ulilotia.

Kofia zinataka maneno yake. Ishike moja kwa mikono miwili, uigeuze ndani uitazame. Kila kitundu kile mama alikitoboa, akakizungushia uzi pande zote ukakaza mdomo wake, kisha akahamia cha pili, mpaka mchoro ukazunguka kofia nzima na kupanda kileleni. Hiyo ni kazi ya miezi. Kofia haichakai sawasawa: mshono unaounganisha ukanda na kilele hutangulia, halafu mikunjo ya ubavuni pale ilipokuwa ikilazwa bapa mfukoni au kabatini. Kanji ndiyo inayofanya mikunjo hiyo ivunjike, kwa kuwa uzi uliokakamaa haupindi, unakatika. Kanji ni chakula cha mende vilevile. Kofia ya kuvaliwa Ijumaa itiwe kanji. Kofia ya kuwekwa ilowekwe kanji itoke, ikaushwe juu ya bakuli lililovishwa bafta, kisha ijazwe ndani mipira ya bafta safi ili isimame kwa umbo lake. Usijaze gazeti, wino wake huhama na karatasi yake ina asidi.

Udi nao. Hakuna nyumba yetu isiyofukiza nguo, nami sitakwambia uache. Lakini moshi huo una mafuta na masizi yanayotua kwenye uzi na kuwa kahawia kadiri miaka inavyopita, na asmini au kikuba kilichosahauliwa kati ya mashuka huacha doa lisilotoka. Fukiza chumba, fukiza nguo za harusi, lakini hizi za kuwekwa zikae kando.

Mahali pa kuziweka: sanduku la bati si baya lenyewe. Linazuia panya, mchwa na mende kuliko kabati. Likiwa na kutu ndani, libadilishe. Likiwa zima, lioshe, likauke kabisa, ulitandike marekani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, iliyofuliwa bila kanji, tabaka mbili. Kasha la mbao linapumua vizuri zaidi na mimi nalipendelea, ila mbao hutoa asidi inayotia nguo kahawia, kwa hiyo ndani yake tandika karatasi ya alumini kwanza, kisha marekani juu. Lipi kati ya mawili? Ukiwa nalo la mbao lisilo na mchwa, tumia hilo. La sivyo usiingie gharama. Liinue juu ya matofali au vibao, na liwe mbali na ukuta wa nje, kwani kuta zetu za mawe na chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa taratibu wiki nzima.

Shuka usilikunje. Lizungushe kwenye bomba la kadibodi lililovishwa marekani, uso wenye darizi ukitazama nje, ulifunge kwa utepe wa pamba bila kubana. Kama nafasi haitoshi na ni lazima ukunje, weka mto mwembamba wa bafta ndani ya kila kunjo, na kila ukifungua ukunje mahali pengine. Fungua sanduku kila baada ya miezi michache. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ndiyo miezi mikavu zaidi kwetu: chagua siku isiyo na mvua, fungua asubuhi jua likishapanda, funga kabla ya jioni hewa haijarudi kuwa nzito. Vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja na viatu havitakusaidia, kwa hewa yetu hushiba upesi vikawa kokoto tu. Kipimaunyevu kidogo cha kuweka ndani ya sanduku kitakufaa zaidi, nacho si ghali.

Wazo la kaka la fremu silikatai, ila si kwa ukuta wowote. Kofia isigandishwe kwa gundi na isiguse kioo, kwani kioo kikitoka jasho koga huanzia hapo. Inatakiwa fremu yenye kina, kofia imeshikiliwa kwa mishono michache juu ya bafta, ukuta wa ndani usiopigwa na jua wala kupitisha unyevu. Na hata hivyo itapauka. Ningeweka picha nzuri ya kofia ukutani, kofia yenyewe sandukuni.

Kwa shangazi, kwa heshima zote, jibu ni hapana. Shuka likikatwa, kila ukingo uliokatwa utafumuka, na maua aliyoyapanga mama yazunguke kitanda yatakuwa vitambaa visivyojulikana asili yake. Mna foronya sita, kofia mbili, shuka, kitambaa cha meza na joho. Gawaneni vitu vizima, au mmoja wenu awe mtunzaji na wengine wawe na haki ya kuviona. Kumbukeni pia kwamba ni vitu vya mirathi: kama hamjaelewana nani ana haki gani, yamalizeni kwa kadhi kwanza, ili usije ukatunza kwa miaka kitu ambacho nduguyo anakiona ni chake.

Na bwana harusi avae. Mama alishona ili ivaliwe, na kijana aliyeoa akiwa na kofia ya babu yake ataitunza kwa moyo mwingine. Chagua iliyo imara zaidi kati ya mbili. Shikiza ndani yake utepe wa bafta kwa mishono mirefu ili jasho liishie hapo, asipake mafuta kichwani siku hiyo, marashi yaende kwenye kanzu, na ivuliwe baada ya nikaha na picha. Kesho yake utoe utepe, kofia ipunge hewa kabla ya kurudishwa. Ile nyingine usiivalishe mtu. Ipeleke kwa fundi wa kofia, Mji wa Kale au Lamu, aitazame mchoro wake na kushona mpya inayofanana, naye alipwe anavyostahili. Mchoro unaoendelea kushonwa haupotei hata kofia ya kwanza ikiisha.

Kazi hii fanya mapema kuliko kufua: andika. Nani alishona, mtaa gani, kwa ajili ya nani, yale maneno ya kwenye foronya yalimlenga nani, alijifunza kwa nani. Rafiki za mama walio hai waulize wao, uwarekodi kwa simu huku foronya iko mapajani mwao, maana mkono ukigusa kazi kumbukumbu hufunguka. Kila kitu kipige picha mbele na nyuma. Andika kwa penseli kwenye utepe wa pamba, uushikize ukingoni kwa mishono miwili. Kalamu ya wino isikaribie.

Limebaki joho, nalo nakuomba usilifue, usilipige pasi, usilisugue. Zari ni ukanda mwembamba wa madini uliozungushwa kwenye uzi wa ndani, na ukiisha kulegea kwa maji haurudi. Weusi wake uache. Likiwa la sufu, hapa ndipo nondo wanapohusika: tafuta vitundu na maganda ya funza. Ukiviona, lifunge kwenye mfuko mzito usiopitisha hewa, litie kwenye friza yenye baridi ya digrii 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha liache siku nzima nje ya friza kabla ya kufungua mfuko. Hiyo ndiyo mara pekee nitakayokuruhusu plastiki.

Joho hilo, nguo yoyote ya hariri inayopasuka yenyewe, rangi inayohama, au koga iliyotapakaa, vilete kwa mtu mwenye ujuzi bila kujaribu kitu nyumbani. Pale Ngome ya Yesu, makumbusho yana watu wa uhifadhi, na kwenu ni mwendo wa miguu. Nenda kwanza na picha uwaulize, kabla ya kubeba nguo zenyewe. Na kama yupo mwenye pumu nyumbani, asiwe yeye wa kufungua mifuko yenye koga. Afungue mwingine, uani, akiwa amevaa barakoa.

Anza na mifuko na vidonge wiki hii. Kufua kungoje siku kavu, na kusifanywe juma la harusi.